Taa za Kupigia Video ya Mawese

Skolastika,

Uji uko kwenye chupa. Nimekwenda Mwandiga kubadilisha taa za tyubu.

~~Ukitaka, rekodi bila taa.~~ Usirekodi kabla sijarudi.

Asubuhi nilikuambia, "Taa ni taa, acha madeko," ukatoka kwenda bombani umenuna. Nikaifungua video yako ya majaribio, uliyopiga kwa taa hizo. Mawese yetu mekundu yanaonekana kama oili chafu ya pikipiki, na uso wako kijani kama wa mgonjwa. Kwenye hayo mashindano ya video nani atakupa ushindi hivyo?

Nilizinunua bila kuziwasha. Leo nimebeba chupa ya mawese. Dukani wataniwashia kila taa juu yake mpaka niuone wekundu.

Video inatakiwa kabla ya saa kumi, nitarudi na bodaboda. Oga, jipake mafuta.

Nisamehe. Ila usinikumbushe mbele ya baba yako.

Mama