Kilichotupata Bandani Tangu Ulipoondoka

Banda la Wanyama,
Nyuma ya Karakana ya Zamani.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, magoti yametulia, na baridi ya huko haikusumbui kama ulivyolalamika kwenye simu. Mkwe wako bado anakukataza kupanda ngazi, au umeshamshinda kwa maneno? Najua jibu. Mimi niko upande wake, ila usimwambie, atavimba kichwa.

Sisi nyumbani hatujambo. Mume wangu bado anatengeneza redio za watu wote isipokuwa yetu. Mwanangu meno ya mbele yamemtoka, wenzake wanamwita Pengo, naye anaitika kwa maringo kama amepewa cheo. Cherehani yangu inavunja sindano ovyo, lakini wateja wapo, tunashukuru.

Sasa kaa kitako kabla hujaendelea. Hakuna msiba wa mtu. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, ungeruka mistari kumtafuta marehemu. Ila tumepitia jambo lililonikausha damu, na bado halijaisha. Kwenye simu nilishindwa kukueleza. Kila niliposikia sauti yako nilikata, nikasingizia mtandao.

Ulipoondoka ulinikabidhi funguo za banda mbele ya wenzako, ukasema mtoto wa kaka yako atawaongoza. Nilidhani kuongoza watu wachache wanaookota mbwa na paka barabarani ni kujua tu nani anapika uji wa wanyama na nani anafagia. Sikujua kuna siku nitasimama pale uani na kuona roho za watoto wa wenzangu ziko mikononi mwangu.

Yote yalianza na mbwa mmoja wa manjano. Kinyozi wetu, yule mwembamba mwenye duka mkabala na kituo cha mabasi, alimkuta amejikunja chini ya benchi, mguu umechubuka. Akamfunga kwenye kitambaa chake cha kunyolea, akamleta kifuani kama mtoto mchanga. Tukamwita Mgeni. Tulimweka kwenye chumba cha kutengwa, kama ulivyotufundisha, kile chenye dirisha la waya linalotazama uani. Alikuwa mpole. Jumamosi watoto wa mtaa walipokuja kuosha mabakuli, walimpa biskuti kupitia kwenye waya, naye akawalamba vidole. Nilisimama nikawatazama, moyo wangu mweupe kabisa.

Kulikuwa pia na watoto wa Malaika, yule mbwa jike uliyemwacha na mimba. Walikuwa ndio kwanza wanajifunza kukimbia, na mwanya uliopo chini ya ule mlango wa bati unaujua. Wakawa wanajipenyeza kwenda kulala na Mgeni. Tukiwatoa, wanarudi. Tuliwacheka, Shangazi. Tuliwaita wapangaji.

Kisha Mgeni akabadilika. Asubuhi moja nilimkuta ameuma waya mpaka ufizi unatoka damu. Sauti yake haikuwa tena ya mbwa, ilikuwa kama mlango uliokosa mafuta. Mate yalimtiririka, na nilipomsogezea bakuli la maji alilitazama akatetemeka mwili mzima. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Nilikuwa nimewahi kusikia habari za kichaa cha mbwa, sijawahi kukitazama machoni.

Daktari wa mifugo alifika akiwa amevaa glavu mbili mbili. Alichungulia mara moja tu, akafunga mlango asiingie mtu. Yule dada hababaiki hata ng'ombe akimkanyaga, unamjua, lakini safari hii alizungumza taratibu mno. Akatupanga ukutani.

"Nani ameng'atwa?" akauliza. "Nani ameguswa na mate yake? Msinifiche. Huu ugonjwa ukishaanza kwa mtu, hakuna hospitali itakayomrudisha."

Kila mtu akatikisa kichwa. Kinyozi alikuwa na plasta mkononi, nikamtazama, akasema, "Hii? Wembe." Nikaamini. Nani atabishana na kinyozi aliyejikata na wembe?

Lakini nilikwenda kazini nisishone kitu. Mkono ule ulinikaa kichwani. Nikaacha gauni la bibi harusi limening'inia, nikatoka mbio mpaka dukani kwake. Nilimkuta ananyoa mzee mmoja, povu limejaa shavuni. Plasta ilikuwa imelegea kwa maji. Nikaushika mkono wake bila hodi nikaibandua. Chini yake kulikuwa na vitundu.

"Wembe unakata," nikamwambia. "Hautoboi."

Akauweka wembe mezani. Mzee akageuza shingo kututazama, povu linamdondoka.

"Aliniuma nikimfunga kidonda, siku ile ile niliyomleta," Kinyozi akasema. "Kidogo tu. Nikaosha na maji. Baadaye mbwa alipoanza kuugua… ningesemaje, dada? Mtaa ukisikia, watakuja kuwaua wote. Malaika, paka, wote."

"Na wewe ukifa?"

"Mke wangu hajui," akanijibu, kama vile hilo ndilo nililomuuliza.

Nilimvuta nje na aproni yake shingoni. Yule mzee alibaki na shavu moja la kijana na moja la mzee, akipiga kelele nyuma yetu kwamba tumalize kazi. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo nilikuwa natafuta bodaboda huku nikisema maneno ambayo sikumbuki kama yalikuwa sala au matusi.

Hospitalini muuguzi alimweka kwenye bomba, akamsugua kidonda kwa sabuni, maji yanakwenda, anasugua, anasugua, mpaka nikaona haishi. Kisha sindano, nyingine pale pale kwenye kidonda. Kinyozi hakulia. Nililia mimi. Nikamuuliza muuguzi, "Atapona?" Akasema, "Hajaanza kuugua, ndiyo bahati yake. Kama angesubiri dalili, mngemleta tu tumwangalie. Amalize sindano zake zote, asiruke hata moja." Hakuniahidi kitu. Nilimwangalia usoni nikitafuta ahadi, sikuiona.

Mgeni alikufa akiwa amefungiwa. Daktari alipeleka sampuli maabara, na majibu yakaja jinsi tulivyoyaogopa.

Tukakutana bandani, tumekaa juu ya ndoo tulizopindua. Karani wa benki, yule anayetuoshea mablanketi, alisema tunyamaze. Kinyozi ameshatibiwa, mbwa ameshakufa, kwa nini tuwashe moto? "Watakuja na marungu," akasema. "Hata wewe hawatakuacha." Si mtu mbaya, Shangazi, usimfikirie vibaya. Aliogopa, na kila alichokisema kilikuwa kinawezekana. Mimi mwenyewe nilitamani mtu anishawishi zaidi kidogo.

Nikauliza, "Na wale watoto wa biskuti?"

Karani alishika kichwa. Pale ndipo nilipojua kwamba kiti chako hakina mgongo wa kuegemea.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nasema sentensi ile ile: mbwa aliyewalamba watoto alikuwa na kichaa, mpeleke mwanao hospitali leo, Daktari ameshawapa taarifa huko, nenda sasa hivi. Mama mmoja alinifungia mlango usoni, kisha nikamsikia ndani anaita mtoto kwa kilio. Baba mmoja aliniuliza kama nina akili timamu.

Mlango wa muuza mboga ndio ulionimaliza. Binti yake mdogo alikuwa ameanguka wiki ile, kiganja kimechubuka, na ndicho alichonyoosha kwenye waya. Nilipomwambia mama mtu, hakupiga kelele. Aliacha fungu la mchicha likaanguka, akambeba mtoto mgongoni akaondoka vile vile, miguu peku. Nilibaki mlangoni kwake peke yangu. Nikaokota ule mchicha nikaurudisha mezani, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya.

Asubuhi iliyofuata Daktari alikuja kwa ajili ya wale watoto wa Malaika. Walikuwa hawajachanjwa, wamelala na Mgeni, ameshawang'ata masikio. Nilimwomba awafungie tu. Akaniuliza nani atawalisha kwa miezi, nani atasafisha, na mtoto gani wa mtu nitamhatarisha tena. Nilivaa glavu, nikamshikia mmoja mmoja. Walidhani tunacheza. Zaidi ya hapo nisamehe, sitaandika.

Malaika amebaki, kwa sababu ulimchanja kabla hujasafiri. Ameongezewa chanjo na yuko chini ya uangalizi na wenzake. Kwa siku nyingi alikuwa anapita kila kona akinusa, akirudi anaweka kichwa miguuni kwangu.

Mchana wa siku ile ile watu walikuja. Niliwasikia kabla sijawaona. Wengine marungu, wengine mawe, mmoja ana chepe. Bandani tulikuwa mimi na Kinyozi tu, mkono wake umefungwa. Nikamwambia abaki ndani, nikatoka nikasimama getini. Ungeniona ungenihurumia. Nilishika nondo za geti nyuma yangu.

"Toeni mbwa wote!" wakapiga kelele.

Niliwaambia kwamba mbwa walioguswa na ugonjwa hawapo tena, na nikasema jinsi walivyoondoka na nani aliyewashika. Niliwaambia waliobaki wamechanjwa. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. Mtu mwenye chepe akasema mimi ni muuaji, na akasogea mpaka nikasikia pumzi yake.

Ndipo muuza mboga akapenya katikati. Nikajua yamekwisha. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kunipiga, ni yeye.

Akamgeukia yule wa chepe. "Wewe mbwa wako amechanjwa?"

"Wangu ni mlinzi, hana ugonjwa."

"Nimekuuliza amechanjwa?"

Akashusha chepe.

"Huyu alikuja kwangu na miguu yake akaniambia," muuza mboga akasema. "Mwanangu amepata sindano kwa sababu yake. Angenyamaza, mimi ningejuaje? Wewe ungeniambia?" Kisha akanigeukia, macho mekundu, na hakuna upole wowote ndani yake. "Usidhani nimekusamehe. Mtoto wangu akipata homa tu, nitarudi hapa peke yangu."

Watu walianza kupungua mmoja mmoja. Wa chepe ndiye aliyeondoka wa mwisho. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi mpaka Kinyozi akanishika kwapa.

Yapo mazuri, nisikunyime. Wiki iliyopita Daktari alichanja mbwa wa mtaa mzima uani kwetu, na foleni ilizunguka karakana. Muuza mboga alikuja na wake, tena akamshikia jirani kamba. Mwenye chepe naye alileta yule mlinzi wake, ambaye alimwona Daktari akajificha nyuma ya miguu ya bwana wake. Kinyozi amemaliza sindano zake, na watoto wamemaliza au wanakaribia. Wote wazima mpaka ninavyoandika. Karani wa benki ametuaga. Analeta mablanketi yaliyofuliwa, anayaacha getini, haingii. Tumeziba ule mwanya kwa saruji, na watoto hawaruhusiwi tena kusogelea waya ule.

Lakini Daktari anasema tuendelee kuangalia kwa miezi. Kwa hiyo naangalia. Nawasikiliza mbwa wakinywa maji, na yule anayechelewa kunywa ananinyima pumzi. Binti wa muuza mboga akipiga chafya, mimi huku nasimamisha cherehani. Kinyozi naye amechoka na macho yangu. Juzi alikuja kwetu na mkewe, nikampa chai, akanywa mpaka mwisho, akageuza kikombe juu chini mbele yangu, akasema, "Umeridhika, bosi?" Tulicheka. Kisha mkewe, ambaye sasa anajua, akainuka akatoka nje haraka, na tukaacha kucheka.

Kwenye mkutano wetu uliofuata pale bandani niliwaambia wachague mtu mwingine, mtu jasiri. Kinyozi akauliza nani anajitolea. Wakatazama chini. Nikachukua funguo zangu mezani, nikaenda kulisha paka.

Ndiyo maana nakuandikia. Miaka yote uliyolishika banda hili nilikuona unacheka, unaamrisha, unamvuta mbwa mkali kwa sikio. Niambie ukweli, Shangazi: ulikuwa unaogopa? Kama ulikuwa unaogopa, basi labda nitaweza. Kama hukuogopa, tafadhali nidanganye.

Nisalimie binamu yangu na mkwe wako, na wajukuu wote, hasa yule mtundu. Mume wangu anakusalimu, na Pengo anasema umletee meno. Kinyozi na Daktari wanakupa heshima zao. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzuri, na mimi anigawie kidogo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, akupendaye na akuogopaye kidogo,

Fundi wako wa cherehani.