Mashine Imenikataa

Jumatatu, 3 Machi

Imeanza tena! Nilidhani ya Ijumaa ilikuwa petroli chafu tu. Leo nimeiwasha, ikaitika vizuri, nikapanda, tukatoka bandani mimi na mashine yangu ya kukata nyasi kama kawaida. Tulipofika kona ya maktaba, pale penye vishimo vya fuko, ikaanza vituko. Inapanda, inashuka, inakohoa, inanyamaza kidogo — halafu inaendelea kama vile hakuna lililotokea. Injini inamisi. Na mahafali ya chuo ni Jumamosi ya wiki ijayo! Viti vya wageni vinapangwa juu ya nyasi zangu. Ndiyo, zangu. Tangu inunuliwe hii mashine hajaikalia mwingine kikazi.

Nimebadilisha plagi. Ya zamani ilikuwa imejaa masizi, nikasema hee, mwizi nimemkamata. Wapi! Kona ile ile, kikohozi kile kile.

Mume wangu anauliza mbona sahani imerudi kama ilivyokwenda. Nimemwambia nimeshiba hasira.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwaga petroli yote, nimeweka mpya. Chujio jipya. Nimepuliza kitundu cha mfuniko wa tangi pia, maana Fundi aliwahi kuniambia tangi lisipopumua injini hukosa mafuta. Nikafunga breki, nikaiwasha huku nimesimama pembeni — inaimba! Nikasubiri. Inaimba tu. Nikapanda, nikaachia breki, nikashusha visu. Hata kwenye kibao cha maegesho sikufika. Kho, kho, kho.

Mlinzi wa geti kapiga kelele toka kwenye kiti chake: Bonge, hiyo imezeeka pamoja na wewe! Nyani haoni kundule. Tumbo lake linafika geti kabla yake.

Bonge ndilo jina langu hapa chuoni, na sijawahi kulichukia. Mwaka jana springi ya kiti cha mashine ililala kabisa kwa uzito wangu. Fundi akaniletea nyingine ngumu, sijui aliitoa kwenye trekta, akasema hii Bonge hailazi ng'o. Tulicheka hadi machozi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi kaja. Kafungua kabureta yote, kaitandaza juu ya gunia, kazibua vitundu kwa uzi wa waya. Kweli ulitoka uchafu. Nikashukuru Mungu mapema mno.

Akapanda yeye kujaribu. Akaizungusha hadi kona ya maktaba, juu ya vishimo, akarudi. Laini! Nikapanda mimi — ikamisi. Akapanda tena — laini. Mimi — ikamisi. Wanafunzi wamesimama dirishani wanacheka!

Eti mama, unaiendesha kwa woga. Mimi! Nilikuwa naiendesha hii wakati yeye bado anashika spana kwa mikono miwili. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaniangalia mkanda wa suruali ya kazi, ulivyofika tundu nililotoboa kwa msumari, akauliza kama naumwa. Nikasema joto.

Joto gani, na mvua imenyesha wiki nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi katutembelea. Hata kukaa hajakaa: wifi, umependeza! Umekuwa msichana! Siri ni nini na mimi nianze? Nikacheka naye. Gauni nililovaa nimelibana kwa pini mgongoni, nilikuwa naogopa kuegemea kiti.

Mume wangu hakucheka. Alipoondoka mgeni akasema twende hospitali Jumatatu. Nikasema baada ya mahafali. Akasema mwezi uliopita ilikuwa baada ya nini? Nikainuka kuosha vyombo.

Marehemu dada naye alianza kwa kusifiwa. Kila mtu, umependeza, umependeza. Akashona magauni mapya, ya saizi ndogo. Hakuyamaliza kuyavaa.

Basi. Kesho nitazame nyaya za mashine.

Jumatatu, 10 Machi

Nyaya nzima. Chujio la hewa safi. Hakuna nisichogusa!

Mkuu wa chuo kaja mwenyewe uwanjani, na viatu vyake vya kung'aa. Nyasi zimekaa mistari mistari, kama kichwa cha mtu aliyemkimbia kinyozi. Kasema kwa upole, na upole ndio umeniuma: pumzika kidogo, mama, Mlinzi ataimalizia kazi.

Mlinzi! Kapanda na shati lake linalopasuka vifungo. Na ile mashine — ile mashine niliyoilea mwenyewe — ikaondoka naye bila hata kukohoa. Juu ya vishimo, juu ya mizizi, laini tu. Nimekaa bandani naisikia mchana kutwa. Nimelia, sioni aibu kusema. Imenikataa. Nimeifanyia nini?

Jumatano, 12 Machi

Nimeipata!!

Nimewahi kazini kabla Mlinzi hajaja. Nikajiambia acha kulialia, fikiri. Petroli ni ile ile. Kona ni ile ile. Fundi anapanda, haimisi. Mlinzi anapanda, haimisi. Hakuna mtu juu, imefungwa breki, haimisi. Mimi tu. Sasa kati yangu na wao tofauti ni nini? Makalio, nikasema kwa sauti, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Halafu nikaacha kucheka.

Chini ya kiti kuna swichi. Dereva akianguka, kiti kinainuka, swichi inaachia, injini inazima ili visu visimkate. Breki ikifungwa, swichi haifanyi kazi. Nilikuwa najua. Ila kwangu ilikuwa haina kazi, nani angekiinua kile kiti nikiwa juu yake? Nikakaa. Nikapitisha mkono chini. Kiti hakijashuka. Kidole kinapita! Nikajikandamiza kwa nguvu zote — hapo kiti kikagusa. Nikilegea tu, kinapanda. Nikiendesha nimejikaza kinagusa kwa shida; kwenye vishimo ninarushwa kidogo, swichi inaachia, injini inakata, narudi chini, inashika. Kabureta haikuwa na kosa lolote. Ni ile springi. Springi ya Bonge.

Nikatafuta mfuko wa mchanga wa mafundi ujenzi, nikaupakata kama mtoto. Nikaiwasha. Kona ya maktaba — laini! Nikapiga kigelegele peke yangu pale, nikazunguka uwanja mzima. Mkuu katoa kichwa dirishani, kaniinulia dole gumba. Kazi imerudi kwangu.

Niliporudi bandani nikaushusha mfuko sakafuni. Ule mfuko si mwepesi. Nimeuinua kwa shida. Na uzito wote huo nilikuwa nao mwilini mwaka jana.

Naogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Fundi. Nikamweleza swichi, kiti, springi. Akaanza kucheka, halafu akakatiza. Akasema kesho naleta springi laini, Bonge, ni kazi ya dakika chache. Akauliza, nyumbani wanajua? Nikasema wajue nini, habari za springi?

Akiweka springi laini mashine itapona. Nitaikalia, itaimba, hakuna atakayeniuliza kitu. Na mimi sitajiuliza. Nimelifikiria hilo siku nzima, na aibu yangu ni kwamba linanivutia.

Nimekata mbele ya jengo la utawala na pembeni mwa ukumbi. Mfuko nimeuvika kitenge cha zamani watu wasiuone. Mlinzi kauliza umebeba nini? Nikasema mjukuu wako.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi kanichongea!

Nilikuwa nimebakiza upande wa maktaba tu. Naona mtu anakatiza uwanjani, na nguo zake za kupaka rangi, rangi hadi kwenye kope — mume wangu, kaacha ukuta wa watu haujakauka. Nyuma yake Fundi, springi mkononi, anatazama chini. Nikasimamisha mashine, sikuizima wala kufunga breki. Nikaanza mimi kufoka ili wasinianze: mnataka nini, kesho mahafali!

Mume wangu akafunua kitenge. Akauchukua ule mfuko mapajani mwangu, polepole, kama anampokea mtoto aliyelala.

Injini ikazima.

Nimekaa juu yake, na ikazima kama hakuna mtu! Hata Mlinzi, kule getini, alisimama. Mume wangu akabaki na mfuko kifuani, midomo inamcheza. Akasema mama watoto, hata chuma kimeona. Unangoja nini?

Nikauchomoa ufunguo.

Nimeshuka. Nikamwita Mlinzi, nikampa ufunguo kwa mkono wangu, nikamwambia kwenye kona apite taratibu. Fundi akaanza kulegeza kiti abadilishe springi. Nikamwambia acha. Iache hiyo hiyo ngumu. Akaniangalia, akarudisha spana mfukoni.

Sasa tuko kwenye benchi, hapa hospitali. Harufu ya dawa ya kupigia deki. Mume wangu kanishika mkono, rangi yake imenipaka vidole vyote. Mama aliyetutangulia anashuka kwenye mizani, anavaa viatu. Nesi kaita jina langu lile kamili, nimechelewa kuitika, sijalizoea. Anasema nivue viatu nipande, mbona naandika badala ya