Komeo la Mlingoti

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, zenye heshima zote unazostahili. Je, kifua kimekupa nafuu? Wifi na watoto hawajambo? Huku sisi tunapumua, na mama anakula na kugomba kama kawaida yake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni ile mashua ya baba. Tangu msiba imelala ukingoni chini ya mabati, kisiki cha mlingoti kikiwa pale pale kilipovunjikia. Mwezi huu mama alimpa fundi seremala aibomoe apate mbao. Nilimsihi aiache. Akaniuliza namwekea nani.

Wewe ulikwenda kuishi mbali na mto, kaka. Mimi navuka lile daraja kwa miguu kila asubuhi nikienda kiwandani kushona. Nikifika katikati, namsikia baba chini yangu: "Sasa!" Kisha tena: "Sasa!" Ile ya kwanza ni ya nahodha. Ya pili ni ya mtu anayeomba. Nimejaribu kuimba, nimeziba masikio kwa pamba hadi wenzangu wakadhani naumwa sikio. Sauti ile haipitii masikioni.

Unajua alivyojivunia kupitisha mlingoti mrefu chini ya daraja lile. Manahodha wengine walishusha mlingoti mapema, mashua ikapoteza mwendo, mkondo ukawabamiza kwenye nguzo. Baba alingoja mpaka kivuli cha daraja kiguse omo, pale mbele kabisa ya mashua, ndipo aite "Sasa!" Tanga linaporomoka, wewe unachomoa komeo, kile chuma kinachoushikilia mlingoti wima, unalegeza kamba, mlingoti unalala chali juu ya matofali tuliyopakia, na kabla mtu hajameza mate tumeshatokea upande wa pili. Alisema mlingoti wake una adabu kuliko wanawe, maana unainama ukiitwa mara moja tu.

Siku ile aliita mara mbili. Ncha ikagonga boriti ya daraja, mti ukakatika, ukamwangukia pale usukanini.

Mbele ya wazee ulisema ulishikwa na kiwewe, mkono wako ukachelewa. Baba mdogo akashusha pumzi, watu wakainamisha vichwa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mama. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Wiki iliyofuata ukaondoka.

Juzi fundi alikuja mlangoni. Alisema amehangaika asubuhi nzima na lile komeo, halikutoka hadi alipolikata kwa msumeno wa chuma. Akafungua kiganja: kipande cha kitambaa cha njano, kimekakamaa kwa kutu. Aliuliza ni mjinga gani aliyekishindilia mle.

Ni mimi, kaka. Asubuhi ile ulipokuwa ukipakia matofali, kichwa kilikuwa kinaniuma, na safari nzima ya kwenda komeo lilikuwa limegongagonga katika tundu lake. Nilirarua pindo la gauni langu, nikalizungushia, nikaligonga kwa tofali hadi likakazika. Niliufurahia ule ukimya. Nilikusudia kukwambia, usingizi ukanichukua juu ya shehena. Nilipozindushwa na ile "Sasa!" ya kwanza, nilikuona umelishika komeo kwa mikono miwili, kucha zinatoka damu. Nilijua saa ile ile. Nimejua kwa miaka kumi na mmoja. Kama nawe ulikiona kitambaa ukanificha, sijui mpaka leo.

Mama alikitambua kitambaa kabla sijasema neno. Gauni lile alilishona yeye. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilijiona sistahili kiti. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: kwa hiyo mkono wake haukuchelewa? Nikajibu haukuchelewa. Kisha akasema, "Siku ya maziko alininyooshea mkono ule, nikakataa kuushika."

Siombi msamaha kwenye karatasi, kaka. Ukitaka kunilaani, ni haki yako. Leo nimelivuka daraja tena, naye ameita vile vile, mara mbili. Sikutarajia anyamaze.

Salamu za mama siziandiki. Amenikataza, anasema atazileta kwa kinywa chake, na tayari ana tiketi ya basi la Jumatano. Ngazi za basi zinamshinda siku hizi. Mpokee mlangoni pa basi.

Mimi nitakuja siku utakayoniita.

Ni mimi mdogo wako,
yule mliyemwita Kiherehere.