Tisa kwa Kikombe cha Kwanza

Jumatatu, 1 Hidar

Bosi kaniita. Sijakaa hata kitini, Bwana Dagnachew akaanza. Kampuni inafungua kitengo kipya, Uzoefu wa Mteja, na anatafuta mkuu wake. Ni mimi au Bisrat. Utafiti wa kiwanda cha injera, ule mkate wetu mwembamba wa chachu, ndio utakaoamua, akasema, kisha akarudi kwenye simu yake kana kwamba ameniagiza karatasi za kuchapia.

Miaka saba! Nilianza kwa kugonga mageti ya watu na dodoso mkononi. Mbwa wa Addis wamenichania sketi mbili. Sasa ni msimamizi wa wahojaji, na nimechoka kuwa msimamizi. Bisrat ana miaka miwili tu hapa, ana shahada ya ng'ambo na slaidi zinazong'aa, na hajawahi kugonga geti hata moja. Nimeteremka ngazi nikapitiliza ghorofa yetu, nikajikuta chini kabisa kwa mlinzi. Akaniuliza kama nimefukuzwa.

Nakitaka hiki cheo. Niandike tu hapa, maana kwingine nasema nitashukuru kwa lolote.

Jumanne, 2 Hidar

Tumekwenda kwa mteja. Kiwanda kinaitwa Gulicha, mwenyewe ni Bi Alganesh—miaka sitini hivi, shali nyeupe, saa ya kiume mkononi. Alianza na kikaango kimoja cha udongo uani kwake. Leo ana maduka kumi na moja. Mwaka huu kanunua mashine: inamimina uji, inaoka, inafungasha kwenye mfuko wa kijani. Miezi mitatu sasa maduka yote yanauza injera ya mashine.

Ila nyuma ya kiwanda lipo jiko la zamani. Wanawake kumi na wanne bado wanaoka kwa mkono, kwa ajili ya harusi na hoteli. Nilipita mlangoni, macho yakaniwasha kwa moshi. Mmoja akanitania kwamba nimekonda, nani ataniposa hivi.

Swali la Bi Alganesh ni moja tu: wateja wanaipenda ya mashine? Wakiipenda, jiko la nyuma analifunga kabla ya Krismasi. Hana mbwembwe. Anataka namba.

Jumapili, 7 Hidar

Siku nne za kazi, nyumba mia nne na kumi na mbili. Wastani alama tisa nukta moja kati ya kumi!

Nimeiangalia hiyo namba mpaka nikaichoka. Wahojaji wamemaliza siku moja kabla ya ratiba, kila mmoja nyumba tisa, kumi kwa siku nzima. Hilo ni tunda la kanuni yangu, wacha nijisifu. Zamani mhojaji akiingia nyumba ya mtu, mwenye nyumba anaanza kukaanga buni, na huwezi kuondoka mpaka kikombe cha tatu, kile cha baraka. Nyumba tatu kwa siku, basi. Miaka minne iliyopita mimi ndiye niliyeandika kwenye mwongozo: mhojaji aage kabla ya kahawa, akibanwa sana, anywe kikombe cha kwanza na asimame. Bosi alinipigia makofi mbele ya ofisi nzima. Nikapandishwa kuwa msimamizi.

Leo kanisani nimeshindwa kutulia kwa kukifikiria kile cheo. Miguu inataka kwenda mahali, sijui wapi.

Jumanne, 9 Hidar

Siku ya kurudia nyumba chache, kuhakikisha wahojaji hawakupika majibu. Kazi ya kubisha, kuuliza maswali matano, kwaheri.

Nyumba ya tatu, mtaa wa Gulele, kwa mjane mmoja, Bi Debritu. Nikiwa kizingitini ukanda wa kiatu ukakatika. Hata kabla sijasema neno, kashamwita mshona viatu wa ng'ambo ya barabara, na kiatu kimekwenda. Nimebaki na kiatu kimoja! Nitaaga vipi? Akatandaza majani mabichi sakafuni, desturi ya kahawa, akaanza kukaanga buni bila haraka yoyote.

Kikombe cha kwanza nikamuuliza kuhusu injera ya Gulicha. Nzuri sana, mwanangu, tisa, kama nilivyomwambia yule binti. Kikombe cha pili tuliongea habari za mguu wake na za mwanawe aliye Dubai. Nikawa natazama saa. Kiatu bado. Kikombe cha tatu mwenyewe akacheka peke yake, akanyoosha kidole uani. Kwenye ukuta kulikuwa na kitambaa, na juu yake vipande vya injera vimeanikwa juani.

"Ile injera haina macho, vile vitundu vya juu," akasema. "Sura laini kama karatasi. Siku ya pili ukiikunja inakatika, na uchungu wake si uchungu wa chachu. Naianika, nampa kondoo."

Nikamwambia, lakini mama, ulisema tisa.

"Sasa binti wa watu kaja kwangu, ananiita mama, anaharakisha hata kahawa yangu hataki. Nimtukanie chakula mlangoni?"

Nikasema na mimi umeniambia tisa. Akasema ndiyo, lakini wewe ulikuwa hujakaa.

Kiatu kikaletwa. Sikukivaa mara moja.

Alhamisi, 11 Hidar

Nimedanganya ofisini kwamba naumwa jino. Nimekwenda nyumba nne nyingine za kwenye orodha, mitaa tofauti, nikakaa. Kote vikombe vitatu. Vikombe kumi na viwili kwa siku moja! Ndiyo maana mwandiko huu ni wa kuku.

Kote ni yale yale. Kikombe cha kwanza: tisa, tisa, kumi, tisa. Cha tatu: nne, tatu, tano, na mmoja akakataa kutoa namba, akaniletea mfuko wa kijani na kuniambia ninuse mwenyewe. Wananunua kwa sababu duka liko karibu na kuni zimekuwa shida. Wawili wameshampata mama wa mtaani anayeoka, watahama mwezi ujao. Mmoja aliniuliza kwa huruma kama mwenye kiwanda atajisikia vibaya, nisimwambie.

Kwa hiyo wahojaji hawakupika kitu. Waliandika walichoambiwa. Mpishi ni mimi. Nilikata mazungumzo kabla watu hawajaanza kuongea, nikayaita ufanisi.

Najisikia aibu, na nina hasira, na sijui hasira hiyo nimkabidhi nani.

Ijumaa, 12 Hidar

Siku ya mwaka ya kuchoma taka. Mji mzima moshi, kila geti na lundo lake. Nimetembea kutoka kituo hadi nyumbani natazama mioto ya watu kama kichaa. Mifuko ya kijani. Mifuko ya kijani kila mahali, inajikunja na kuyeyuka. Mtu mwingine angesema bidhaa inapendwa mno!

Shangazi Zenebech, ambaye ndiye aliyenilea na ninaishi kwake, alikuwa anachoma yake. Mitatu ya kijani. Sikujua kwamba ananunua. Nikamuuliza iko vipi. Nzuri, akasema, bila kunitazama. Mimi! Nimelala kitanda kimoja naye mpaka nina miaka kumi na miwili!

Jioni akakaanga buni. Sikuuliza tena, nikanywa tu. Kikombe cha tatu akasema alinunua kwa kuwa nilimwambia ni wateja wetu, akaona aunge mkono kazi yangu. Imemsumbua tumbo wiki nzima. Tukacheka sana, kisha nikalia kidogo. Akadhani ni moshi.

Jumamosi, 13 Hidar

Nimemwambia bosi. Nilijipanga vizuri, nikaanza na kiatu, nikaona uso wake, nikaruka kiatu.

Alinisikiliza hadi mwisho, haki yake nimpe. Kisha akauliza ni nyumba ngapi. Nikasema tano, na shangazi. Akaandika sita kwenye karatasi, chini yake akaandika 412, akanigeuzia nisome. Hiyo ni hadithi, akasema, si data.

Nikasema basi tupe wiki mbili, nyumba sitini, vikombe vitatu kila nyumba. Akafunga mlango. Sauti ikashuka.

"Wubalem, ule mwongozo aliandika nani?"

Mimi, nikasema.

"Ukisema kahawa imeharibu majibu ya Gulicha, umesema imeharibu ya kila mteja wetu kwa miaka minne. Ya hospitali, ya mabasi, ya maziwa. Utasimama mbele yao wote?"

Nikaitazama ile 412 kwenye karatasi. Akalainika. Akasema kila anayefanya kazi hii anajua watu wetu ni wapole, namba zote ziko juu kidogo, wateja nao wanajua. Bi Alganesh anajua? Nimejiuliza njia nzima. Kama angejua asingetaka namba.

Jumatatu, 15 Hidar

Mfungo wa Krismasi umeanza. Ofisini kila mtu ana njaa na adabu.

Bosi kaamua: nitawasilisha mimi, si Bisrat. Kesho. Akafungua droo akanionyesha barua. Mkuu wa Kitengo cha Uzoefu wa Mteja. Jina langu limeandikwa sawasawa, hata la baba. Saini bado. Atatia tukirudi.

Bisrat alinipongeza kwa mkono baridi. Ametengeneza slaidi, tisa nukta moja imejaa ukurasa mzima, rangi ya kijani. Nikamwomba aongeze slaidi moja ya maoni ya ziada. Akasema bosi kashafunga faili.

Nimepiga pasi blauzi mara tatu. Leo nimebadilisha mawazo nikinyoosha kola, nikabadilisha tena nikifika mikono. Nitasema. Sitasema. Nani ataniposa hivi, kama alivyosema yule mama wa jikoni! Hata utani wake unanirudia. Ana watoto? Sikumuuliza. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza.

Jumanne, 16 Hidar

Naandika hapa hapa, ofisini kwa Bi Alganesh. Yeye na bosi wametoka kwenda kuitazama mashine. Nimebaki na projekta na binti anayekaanga buni pembeni. Moshi wa buni umenijaa puani.

Haraka, kabla hawajarudi.

Kikao kiliwekwa saa kumi kwa kuwa Bi Alganesh amefunga, hali wala hanywi hadi saa tisa. Garini bosi alisema neno moja tu: usiniharibie. Nikasimama. Slaidi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tisa nukta moja. Sauti yangu ilikuwa safi, naichukia. Bi Alganesh akaitazama ile namba kwa muda mrefu, bila kutabasamu. Mtu aliyeoka kwa mikono yake miaka ishirini anakula ile ya mashine kila siku, lazima ulimi wake unamwambia kitu. Nilidhani atauliza. Akauliza kweli, lakini si nilichotegemea.

"Wewe binti, kwenu mnakula injera yangu?"

Tunakula, nikasema.

"Unaipa ngapi?"

Nilikuwa na yote mdomoni. Macho, uchungu, kondoo wa Bi Debritu, tumbo la shangazi. Mwanamke huyu kanikaribisha kwake, kaniwekea kiti kizuri.

"Tisa," nikasema.

Hata sikusita! Bosi akashusha pumzi. Bi Alganesh akaitikia kwa kichwa, akavuta karatasi, akaandika kitu, nadhani ni tarehe ya kulifunga jiko. Kisha akamwambia bosi twende nikakuonyeshe mashine wakati kahawa inaiva, wakatoka. Dirishani naona ua wa nyuma. Wale wanawake wanaanua nguo za kazi kwenye kamba. Yule wa utani ni mwenye kitambaa chekundu.

Wamerudi. Naendelea kuandika, watadhani ni mambo ya kikao.

Kikombe cha kwanza. Bosi kanywa kwa mafunda mawili, yamemuunguza. Anasifu buni. Anasema barabara itajaa magari. Bi Alganesh hazuii, anasema kila mtu na shughuli zake. Bosi kasimama, kafunga kifungo cha koti. Ananitazama. Anywe kikombe cha kwanza na asimame—ukurasa wa kumi na nne wa mwongozo, maneno yangu mwenyewe.

Binti kaongeza maji kwenye birika la udongo. Anauliza wageni wanaendelea au nikusanye vikombe.

Bosi yuko mlangoni, funguo za gari mkononi, ameniita jina mara mbili.

Nimekisogeza kikombe changu mbele. Binti anamimina cha pili. Bi Alganesh kavua saa yake ya mkononi, kaiweka mezani, kavuta kigoda karibu yangu.

Bado kimoja.