Ukurasa Aliousoma Yustina

Mjukuu wangu Anitha,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Kaisho hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama jike, na babu yako ameanza tena kutembelea shamba lake la kahawa.

Umeniuliza kama riwaya za siasa ni fasihi au ni hotuba tu. Mimi niliwahi kusema ni hotuba. Ilikuwa kwenye mdahalo wa shule, sekondari. Nilisema wahusika wa riwaya tuliyosoma hawana damu, mwandishi anawasemea. Nilipigiwa makofi.

Kisha akasimama Yustina, ambaye wazazi wake walikimbilia huku kutoka Rwanda. Alifungua kitabu akasoma pale askari wanapokaribia kijiji, na mama mmoja anarudi ndani kuzima moto wa jikoni kabla ya kukimbia.

"Mama yangu naye aliuzima," alisema. "Nilidhani ni yeye peke yake. Hotuba gani ingenionyesha hilo?"

Upande wangu ulishinda, maana tulikuwa na hoja nyingi. Lakini tulipotoka nilimwomba Yustina tuisome riwaya ile tena pamoja. Bado niliona baadhi ya wahusika ni dhaifu, naye akakubali. Ila ukurasa ule sikuweza tena kuupita haraka.

Sasa anaishi Songambele. Akija kunitembelea, chai hupoa tukiwa tunabishana. Namshukuru Mungu kwa kunipa mpinzani kama huyo, nami nakuombea upate wa kwako huko chuoni.

Bibi yako akupendaye.