Mihogo Ambayo Haikulala

Bukavu, 9 Februari 2003

Kwa ndugu yangu Télesphore, huko Kamituga,

Nakusalimu wewe, mke wako na wote wanaolala chini ya paa lako. Natumaini barua hii imewakuta wazima. Mimi si mzima. Tumbo limekataa chakula tangu Noeli, na daktari ameacha kuniandikia dawa. Siku hizi ananiuliza tu kama nimepata usingizi. Martine, binti yangu, ananipikia uji, halafu anageuza uso ninaposhindwa kumeza. Nakuuliza hasa habari za Noëlla wako. Nimesikia anatembea kwa fimbo mbili na kwamba amejifunza kushona. Ana miaka kumi na mitano sasa, kama sikosei.

Nataka nikurudishe Nyantende, kiangazi kile cha mwaka 1999, tulipokimbilia na familia zetu katika madarasa ya shule. Unakumbuka chemchemi ya bondeni. Wanawake wawili walishuka kuchota maji wakakutana na askari, na hawakupanda tena. Ndipo kamati yetu ya wakimbizi ikaniita mimi, mwalimu wa lishe mwenye diploma, nitengeneze chakula kitakachotumia nusu ya maji. Wageni waliotuletea msaada walitaka tule biskuti na uji wa unga wao. Niliwajibu kwamba kwetu mtu asiyekula bugali wa mihogo huhesabu kwamba ameshinda na njaa, na walinisifu kwa jibu hilo. Niliipenda sana sifa ile.

Nikaandika régime yangu, mpango wa chakula cha kila siku. Maharagwe niliyapunguza hadi mara moja kwa juma, kwa kuwa yanakunywa maji na kuni. Sombe, majani ya muhogo, niliiondoa, nikaweka mchicha wetu wa lengalenga. Na mihogo michungu, ambayo mama zetu huilaza majini siku tatu au nne na kubadilisha maji, nikaamuru ilale usiku mmoja tu, kisha ikaushwe na kusagwa. Bidoni, yale madumu ya maji, zilipungua kweli. Wanawake walinipa jina la Docteur Bidoni, na hata wewe ulinitania kwamba siku moja nitawapikia bugali kwa mate.

Ni mama yako peke yake aliyekataa. Maman Agathe alivunja kipande cha muhogo, akakionja, akatema, akaniambia mbele ya watu wote: hii mihogo haiyalala. Nilimjibu kwamba kama anataka kuwapeleka wakaza wana wake kwa askari kwa ajili ya ladha, aseme waziwazi. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo alishuka bondeni mwenyewe na bidoni yake ndogo, akisema askari watafanya nini na mifupa ya bibi kizee. Alilaza mihogo yake katika beseni lake, siku nne, akapika chungu chake. Alipomwita Noëlla aje ale naye, ni mimi niliyekuambia umkataze mtoto, ili watu wengine wasianze kudai maji zaidi.

Kisha Noëlla aliamka asubuhi miguu imekakamaa. Juma hilo hilo watoto wengine wanne wakaanguka. Na watu wakatazama ni nani asiyekula chungu cha wote, ni nani anayemwaga maji machafu kila asubuhi nyuma ya darasa, ni nani aliyekuwa akimwita mtoto pembeni. Neno karuho, sumu ya wachawi, likaanza kutembea. Katika mkutano walinigeukia mimi, msomi, wakaniuliza kama sumu ya mtu inaweza kukausha miguu namna ile. Niliwajibu kwamba sayansi haijui yote.

Télesphore, nilijua. Ugonjwa ule una jina, konzo, na nilikuwa nimeufundisha darasani miaka kumi na moja: sumu ya muhogo mchungu usiolowa vya kutosha, na maharagwe kukosekana, hukata nguvu za miguu ya watoto. Nilikuwa nimeutambua siku mbili kabla ya mkutano. Niliogopa jina langu. Jioni hiyo wewe ulitoa mkeka wa mama yako nje, ukamwambia hana mwana. Alichukua njia ya Sange, kwa dada yake, na wapita njia walimkuta amekufa kwenye kona za mlima wa Ngomo.

Kesho yake niliamuru mihogo ilale siku tatu na maharagwe yarudi kila siku. Sikueleza sababu. Hakuna mtoto mwingine aliyeanguka, na watu wote wakasema: mmeona, mchawi ameondoka. Wewe pia ulisema hivyo, na nilikaa karibu nawe nikitikisa kichwa kukubali.

Sikuombi msamaha, sina meno ya kuutafuna. Naomba Noëlla asomewe barua hii, yeye kwanza, na ukoo wote baadaye. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi ya régime, kwa mwandiko wangu. Utaona nilipokata «usiku mmoja» na kuandika «siku tatu». Tarehe iko pembeni. Ni siku iliyofuata ile aliyoondoka mama yako.

Wasalimie wanaokubali bado kusikia salamu yangu. Martine anakusalimu, yeye hajui kilichomo humu.

Ni mimi, uliyeketi naye benchi moja shuleni,

Ignace Akonkwa