Alama za Baba Dirishani

Felista, fundi Evodi akifika na ubao wa mninga, mpe uji. ~~Autie dirishani leo.~~ Hapana, mwambie anisubiri.

Msomee mama haya.

Mama, asubuhi nilidhani nakufurahisha. Ubao wa chini wa dirisha ulikuwa umeoza, nikaung'oa, nikautia motoni nikuchemshie chai. Ukauliza, "Na alama za baba yako?" Kumbe marehemu, asiyejua kusoma, alikuwa akichonga alama moja kila barua yangu ilipofika kutoka chuoni. Mimi msomi niliona mchwa tu.

Chai hukuigusa. Kipande nilichookoa motoni kimo ndani ya khanga yako. Kina alama tatu. Evodi atakiunganisha na ubao mpya, ukikubali.

Nimekwenda kaburini Ilembo kumwomba baba radhi.

Mwanao